Akaunti ya Mchoraji wa Barani

Kazi yangu ni kufungua na kufunga. Ofisi yetu ya Malindi hupima mashamba na viwanja, na mafaili yake yote hupitia kwenye seva moja iliyoko mtandaoni. Wapima ardhi hupakia vipimo wakiwa mashambani, wachoraji huvipakua, wakachora ramani na kuzirudisha. Mimi ndiye ninayeamua nani aingie, aone folda gani na aweze kufuta nini, na mimi ndiye ninayezikagua ramani zikirudi. Wenzangu huniita askari jela, na sijawahi kulichukia jina hilo.

Kanuni nilizitunga mwenyewe. Kila mtu ana akaunti yake, na hakuna kuazimana paswadi. Akaunti mpya haifunguliwi mpaka mwenyewe afike mbele ya msimamizi na kitambulisho, atie sahihi. Anayeondoka kazini, akaunti yake hufungwa siku hiyohiyo. Mkurugenzi wetu, mzee ambaye kwao ni visiwa vya kaskazini, alizisoma akasema, "Umetubana kama suruali ya mtumba," kisha akazipitisha.

Mchoraji wetu bora alifanyia kazi nyumbani kwake, mtaa wa Barani. Alikuwa mtu mzima, mpole, mgonjwa wa sukari. Nilikuwa nimeonana naye mara chache tu. Nikimpigia simu kuulizia ramani alisema, "Hebu ngoja niangalie," halafu nikasikia minong'ono kabla hajanijibu. Sikujiuliza kitu. Ramani zake karibu zote zilikuwa safi, na hilo ndilo lililonihusu.

Alifariki Alhamisi, akazikwa alasiri. Tulikwenda kilioni wanawake wote wa ofisini, tukampa mkewe mkono wa pole, tukarudi. Ilinipasa niifunge akaunti yake jioni ile. Sikuifunga. Niliona haya kumfungia mtu mlango hata udongo wa kaburi haujakauka, nikajiambia nitaifunga Jumatatu.

Jumatatu nikafungua kumbukumbu za seva, nikakuta marehemu ameingia. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kutoka nyumba ileile ya Barani, alikuwa amepakua vipimo vya shamba moja la Tezo, na kufikia saa nne ramani ilikuwa imesharudi, imekamilika. Nikapandwa na hasira. Kuna mtu alikuwa ameachiwa paswadi. Niliifunga akaunti palepale, na sitaki kudanganya, niliona raha kuifunga.

Siku mbili baadaye mpima wetu wa Tezo akapiga simu.

"Dada, ramani zangu ziko wapi?"

"Mchoraji wako amefariki. Hukusikia?"

"Nimesikia, nilikuwa mazikoni. Lakini ile ya Jumatatu ilikuja, tena sawasawa. Aliyeichora hiyo si aendelee?"

Nilipomweleza mkurugenzi, aliniambia niende Barani mwenyewe. Mjane yuko eda, alisema, haonani na wanaume wasio maharimu wake, yaani ndugu wasioweza kumwoa, kwa hivyo yeye hawezi kwenda.

Nilimkuta chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe isiyo na pambo. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ndogo kando ya kitanda, imefunikwa kitambaa cha kufumwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ile akaunti."

"Ni nani anayechora?"

"Mimi," alisema.

Alinieleza bila haraka. Macho ya mumewe yalipoanza kuharibiwa na sukari, mke alimsomea namba. Baadaye mkono ukawa wake, mume akimwelekeza. Kisha hata kuelekezwa hakukuhitajika tena. Mumewe alilala pale kitandani, akimwuliza tu wamefika kona gani.

"Mbona hamkusema?"

"Tuseme nini? Kwamba haoni? Mngemwondoa."

Ni kweli. Tena ningemwondoa mimi, siku hiyohiyo.

"Na sasa umeniondoa mimi," alisema. "Sina kazi nyingine, mwanangu. Na hii ndiyo pekee ninayoweza kuifanya bila kuvuka kizingiti hiki. Nina miezi minne na siku kumi za kukaa."

Nilikuwa na jibu tayari: akaunti mpya, mpaka ufike ofisini. Nikaifungua kanuni kwenye simu ili nimsomee. Haikusema ofisini. Ilisema mbele ya msimamizi, na msimamizi, yaani mimi, alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mjane, anakunywa kahawa yake ya tangawizi.

Nikampigia mkurugenzi.

"Anaweza kazi?" akauliza.

"Ramani zote ulizozisifu miaka hii ni za mkono wake."

Akauliza, "Anaitwa nani?"

Sikujua. Mumewe alikuwa akisema "watu wa nyumbani", na kilioni kila mtu alimwita mke wa marehemu. Nilimpa karatasi, akaandika majina yake matatu polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikamsomea mkurugenzi.

"Mfungulie," alisema. Mjane akatoa kitambulisho, akatia sahihi, nikamfungulia.

Hapo nikajiona mtu mwema. Nikamwambia nitazihamishia kwenye akaunti yake ramani zote zilizokuwa kwa jina la marehemu, kwa kuwa ndiye aliyezichora.

"Hapana, hizo ziache," alisema. "Nataka moja tu."

Aliitafuta mwenyewe kwenye simu yangu. Ilikuwa ramani ya kiwanja kidogo cha papo hapo Barani, na chini yake maneno yangu mekundu: Mipaka haikutani. Kazi mbovu. Rudia.

"Hii aliichora yeye mapema mwezi huu," alisema. "Alikataa kushikwa mkono. Siku mbili nzima, pua imegusa kioo. Akaniuliza iko sawa? Nikamwambia iko sawa, nikaituma."

"Na nilipoirudisha?"

"Sikumwambia. Nilichora nyingine, nikakutumia. Amekufa akijua uliipokea."

Niliona aibu, aibu ya kweli, nikainamia simu nikijifanya natafuta kitufe. Nikafuta maneno yangu, nikaihamishia ramani kwenye akaunti yake, nikaaga.

Eda imekwisha sasa, na bado anachorea nyumbani. Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na robo, kumbukumbu zinaonyesha ameingia. Faili ya kwanza ni ileile. Anaifungua, anaifunga, habadilishi kitu, kisha anapakua kazi ya siku.

Ramani zenye makosa mimi huzifuta kila mwisho wa mwezi. Hiyo ni kanuni yangu pia. Ile nimeizuia isifutwe na mtumiaji yeyote ila yeye, na wa kwanza kuzuiwa ni mimi.