Jiwe la Dobi Mashaka

Miaka ile ya utawala wa Mwingereza, mji wa Moshi haukuwa na dobi mwenye maringo kama Mashaka. Jiwe lake la kufulia, kule mtoni chini ya soko, hakuna aliyethubutu hata kulikalia. Basi fikiria hasira zake kila alfajiri alipolikuta lina kinyesi kilichojaa magamba ya kaa. Alilisugua huku akimtukana mtu asiyemjua.

Siku moja akadamka mapema, akajibanza kwenye matete na fimbo yake. Kwenye tundu chini ya mizizi ya mkuyu, pale maji yenye kina yanapotulia, akatoka fisi maji, mwenye manyoya laini na mkia mnene. Mnyama yule akapapasa chini ya mawe kwa mikono isiyo na kucha, yenye vidole kama vya mtu, macho kayaelekeza mlimani, kama mama anayetafuta kitu kapuni huku akiongea na jirani. Akaibuka na kaa, akamtafuna, akanawa uso, akajigaragaza mchangani kujikausha. Malori yalipoanza kunguruma darajani, akarudi tunduni.

"Subhanallah," Mashaka alinong'ona. Fimbo ilikwisha kumtoka mkononi. Mikono ile!

Tangu hapo alikwenda kumtazama kila alfajiri, na jiwe akalisugua bila matusi. Lakini mawingu ya masika yalipotanda na nguo zikawa hazikauki, alifyeka matete ya ukingoni apate pa kuanika. Kesho yake jiwe lilikuwa safi. Kesho kutwa, safi vilevile.

"Baba Mwantumu, mbona huli?" mkewe Zuleha akamuuliza. Alipomweleza, Zuleha akaguna. "Umemvunjia mwenzio ukuta wa nyumba, halafu unangoja aje akusalimie?"

Maneno yale yalimchoma. Akaacha kuanika pale, akawa anapanda na furushi la nguo mbichi mpaka uani kwake, huku dobi mwenzake Seleman akimcheka. Masika ikapita, matete yakachipua na kufunga. Jiwe likabaki safi, na usafi ule Mashaka aliuchukia.

Asubuhi moja ya kipupwe, Kibo kimetakata juu ya migomba, akakuta jiweni kinyesi kibichi chenye magamba. Kando yake kulikuwa na kingine, kidogo, cha mtoto.

Mashaka alichuchumaa, machozi yakimlenga. Kisha akajitwika furushi lake, akaenda kumwomba Seleman nafasi kwenye jiwe lake.