Nyimbo Ishirini na Tano za Magokoro

Mwanangu wa Form One, ipo siku moja inayonirudia kila nikigusa kompyuta. Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba na ndevu tatu, moja yake ya kukisia, lakini katika bweni hili mzee ni mimi.

Magokoro, yaani nyanya yangu wa Nyansiongo, alikuwa na nyimbo thelathini na moja ambazo marehemu babu aliitungia kwaya ya kanisa. Hazikuandikwa popote, na waimbaji wa enzi hizo walishafariki; zilikaa kichwani mwake tu. Likizo ya Desemba aliniimbia zote huku akichambua maharagwe, nami nikaziandika, noti na maneno, kwenye laptopu ya mjomba.

Binamu yangu Kemunto, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alinishauri nitumie programu huria ya kuandikia muziki. "Namna ilivyoundwa iko wazi kwa kila mtu," alisema. "Walioitengeneza wakichoka, wengine wanaiendeleza."

Nilimcheka. Mimi nilikuwa na ile iliyofungwa, ya kampuni, inayometameta kama gari la bwana harusi. "Kaa na hiyo yako ya huruma," nikamwambia. "Kizuri chajiuza." Methali ina nusu ya pili, mwanangu: kibaya chajitembeza. Sikujiuliza kwa nini hii yangu ilijitembeza kwa matangazo kila nilipofungua simu.

Ikakaribia Agosti, na makambi ya kanisa, ambako kwaya ilitarajiwa kuziimba. Magokoro akashikwa na maradhi, nyimbo zikaanza kumtoka. Alianza ubeti, kisha akatazama viganja vyake kana kwamba umeangukia hapo. Wazee wa kanisa wakasema haidhuru, kijana ameziandika.

Kijana akafungua laptopu. Programu ile haikufunguka bila kuomba ruhusa kwa wenyewe kupitia intaneti, na siku hiyo kioo kiliniambia wenyewe wamefunga kampuni. Nikazima. Nikawasha. Nikasali, nikazima tena.

Nikampelekea fundi mmoja pale Suneka. "Faili zako zote zipo," akasema, "ila ni programu ile tu inayojua kuzisoma. Mimi naona kama njia za siafu. Hukuchapisha hata karatasi moja?"

Mimi, bingwa wa majibu darasani, nikaibeba laptopu nikatoka.

Zilizopona ni sita, ambazo Kemunto alizinakili kwenye ile yake ya huruma ili afanye mazoezi.

Asubuhi moja Magokoro akili yake ilitulia, nikamweleza. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mbegu yangu ya wimbi naiweka wapi?"

"Kwenye chungu."

"Na nyingine?"

"Unampa jirani. Wadudu wakila yako, unaenda kumwomba."

"Basi yangu umeiweka kwenye chungu cha mtu usiyemjua, ukamwachia na kifuniko."

Makambini tuliimba zile sita. Ya mwisho ilipoisha, Magokoro akanivuta mkono kutoka kiti cha mbele, huku akitabasamu. "Sasa ule wa mto," akasema. Kwaya nzima ikanigeukia. Wa mto haukuwemo katika zile sita, na yeye mwenyewe hakuweza tena kuuanza. Tulisimama pale mpaka mchungaji akasema tuombe.

Sikuambii programu iliyofungwa ni dhambi. Fundi yule anayo moja dukani na inamfaa. Nakuambia, kabla ya kukabidhi kitu ambacho hakitarudi, uliza kwanza: hii ikifa kesho, changu nitakitoaje? Usipopata jibu, chukua ile iliyo wazi, hata kama sura yake ni ya kuhurumia. Na ukiwa na yoyote, mpe jirani mbegu.

Mungu akupe ndevu zaidi ya zangu, mwanangu, na nyanya atakayekuimbia. Akikuimbia, usikwame kwenye chungu cha mtu hata wimbo mmoja aliokupa.