Kabla Kofia Haijainuliwa

Thawon hakujua kukaa. Kwenye mkeka wa chakula utamkuta amechuchumaa, kidole kinagonga sahani, macho yako mlangoni. Hajamaliza wali wake, keshainuka kwenda kuhakikisha kuwa boti iliyofungwa tangu asubuhi bado imefungwa. Mkewe, Lamiat, alikuwa akisema, "Huyu mama yake alimzaa njiani, ndiyo maana hajafika mpaka leo." Kijiji kizima, pale kando ya Ziwa la Songkhla, kilimwita Mkizi. Kila akiitwa hivyo aliwaka na kutukana, na watu wakazidi kucheka. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi.

Na jina lilimkaa, ubishi wa nini? Mkizi ni samaki asiye na raha. Hana meno ya maana. Anashinda akichota tope kwa midomo, anameza na mchanga humo humo, ndiyo maana ana firigisi kama kuku, na watoto wanaigombania. Lakini woga wake! Kivuli cha ndege, kasia lililogusa ubavu wa boti, kikohozi tu. Mmoja akishtuka wanaruka wote, na mkizi akisharuka, wavu anaupita juu. Ole wako umshtue kabla ya wakati.

Mvua za mwisho wa mwaka zikishapoza maji ya ziwa, mikizi waliojaa mayai hujikusanya wakatoka kwenda baharini kutaga. Vitoto vyao hurudi ziwani baadaye, vyembamba kama sindano, bila kuelekezwa na mtu. Wakati wa kutoka huko ndio kijiji kinaousubiri mwaka mzima. Boti mbili zinazungusha juya, wavu mrefu wa kuzingira, na kuacha mlango mmoja wazi. Nje ya juya unalazwa wavu mwingine juu ya mianzi, unaelea kama mkeka, kuwapokea watakaoruka. Mashine zinazimwa, makasia yanafungwa matambara. Mzee wa juya anakaa peke yake kwenye mtumbwi mdogo karibu na mlango, anasoma maji, na mpaka ainue kofia yake ya majani hakuna anayethubutu hata kupiga chafya. Kofia ikipanda, mlango unafungwa, na hapo sasa piga mbao, piga maji, piga kelele mpaka koo likauke, waruke waangukie mkekani.

Mzee wa juya alikuwa Klai, baba yake Thawon.

Mwaka uliotangulia, Thawon aliona maji yamekunjamana kwa wingi wa samaki, roho ikampanda, akapayuka, "Hao! Hao wanakuja!" Hakuna aliyekula mayai ya mkizi wiki ile. Mzee hakugomba. Alimwambia tu, "Toa nguo zako botini." Mwaka mzima Thawon alibeba barafu sokoni, na nafasi yake akapewa Sommai, mume wa dada yake, mtu mpole kama maji ya mtungini. Mzee Klai alizoea kumshika Sommai bega mbele za watu na kusema, "Mwanangu ni huyu." Thawon akisikia. Ilimchoma, tena ilimchoma sana.

Msimu huu mvuvi mmoja akavunjika mkono, wakapungukiwa. Mzee akamwita mwanawe.

"Utapanda. Lakini nikisikia sauti yako kabla ya kofia, hupandi tena maadamu mimi ni hai. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Usiniambie umeelewa. Nyamaza, nione."

Asubuhi ile waliwekwa boti moja, yeye na Sommai.

"Shemeji," Sommai akamnong'oneza wakifunga makasia, "nikukatie tambara na wewe, ufunge mdomo?"

"Kamfunge mkeo."

"Mke wangu si dada yako?"

"Ndiyo maana nakuonea huruma."

Kisha mashine zikazimwa, na dunia ikanyamaza. Wenzao walikuwa wameinamia kamba, wakiupa mgongo mlango wa juya. Thawon na Sommai ndio walioutazama, na mzee mbele yao mtumbwini. Samaki wakaja. Maji yalisinyaa, yakameta, vichwa bapa vikaanza kupita mlangoni, wengi, wanene. Thawon aliuma ukosi wa shati lake. Safari hii nitaweza, alijiambia. Safari hii lazima niweze.

Ndipo akaona kofia ya baba yake imelala upande.

Anasoma maji, akajiambia. Au amesinzia, mzee naye ni mtu. Kofia ikazidi kulala. Mkono wa mzee ukateleza, ukaingia majini mpaka kiwiko, ukabaki humo. Klai hakuwahi kutia hata ukucha majini mikizi wakiwa karibu! Thawon alimtazama Sommai. Sommai alikuwa amekaza macho kwenye kamba. Nusu ya kundi ilikuwa bado nje. Kidogo tu, waishe kuingia. Kidogo tu, awe mtoto wa baba yake.

"Baba!"

Ziwa zima liliruka. Mikizi walipita juu ya juya, juu ya mkeka, juu ya vichwa vya watu. Nyuma mtu alimtukania ukoo, lakini Thawon alikuwa ameshajitosa, maji ya kifua, anakanyaga tope, anaita.

Muuguzi wa zahanati alisema ni moyo, na kwamba wangechelewa kidogo tu wangeleta maiti. Jioni mzee alifumbua macho.

"Samaki?"

"Wamekwenda, baba."

"Wote?"

"Wote."

Mzee akageuza uso ukutani. "Nilikuambia nini?"

"Uliniambia ninyamaze."

"Basi. Niitie Sommai. Juya nampa yeye."

Thawon alitoka nje. Sommai alikuwa amekaa kwenye ngazi ya zahanati, kofia ya mzee mapajani, hajabadili hata nguo mbichi.

"Nenda, unaitwa. Juya ni lako."

Sommai hakuinuka. "Shemeji, mimi nilimwona kabla yako. Kofia ilipoanza tu kulala. Nikasema, acha waingie kwanza. Mkono ulipoanguka nikatazama kamba. Nikasema tena, acha waingie."

Thawon alikunja ngumi. Alimtaka yule mtu chini, alitaka kumsikia akilia. Ngumi ilikaa hewani, kisha ikamshika Sommai kwapani na kumwinua.

"Nitamwambia mzee," Sommai akasema. "Sasa hivi namwambia."

"Humwambii kitu." Sauti ya Thawon ilikatika. "Moyo wake hautabeba. Anakupenda."

Akampangusa tope begani, akamsukuma kuelekea mlangoni.

"Ingia. Taratibu, usimshtue."