Mtaa Mzima Ulimpikia Baba Uji

Baba alikatwa busha. Haya, nimelisema. Miaka yote hii nimekaa nalo kooni, na hata sasa kabla ya kuliandika nimegeuka kutazama kama kuna mtu mlangoni, ilhali wote niliokuwa nikiwaficha wameshatangulia mbele ya haki.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwetu Amu, ndiyo Lamu. Mimi kijana wa kuanza ndevu, nimeshaposa, najiona mtu mbele za watu. Baba alikuwa fundi wa kuchonga milango. Busha alikuwa nalo tangu sijazaliwa na hakulionea haya hata kidogo. Akikaa kazini alilitafutia mahali pake kwanza, akiinuka alilibeba kwa mkono mmoja huku akisema, "Twende, bwana mkubwa." Wenzake barazani wakicheka, naye akicheka nao. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Watoto wa mtaani walikuwa na wimbo wao juu ya jambo hilo, na walikuwa wakiuimba nikipita mimi, si akipita yeye.

Lilipozidi kumuumiza nikampeleka Mombasa, hospitali kubwa. Wakamkata vizuri. Siku ya kutoka daktari alitukalisha sote wawili akatwambia: kidonda ni kizuri, lakini mzee ametoka damu nyingi na umri umeenda, hivyo dawa iliyobaki ni chakula. Samaki, nyama, mayai, maziwa, chochote roho yake itakachotaka. Na atembee kila siku, aanze kidogo kidogo. Baba alifurahi kama aliyepewa zawadi. Safari nzima ya kurudi alikuwa akinitajia vyakula, hiki apikiwe kwa tui zito, kile kichomwe, mpaka tukafika kivuko cha Mokowe mimi mwenyewe nina njaa.

Tukavuka. Kushuka gatini Amu, nani amesimama pale? Mkwe wangu mtarajiwa, baba wa msichana niliyemposa, pamoja na wazee wengine wa mtaa.

"Alhamdulillahi, Bwana umerudi," akasema, na kumshika baba mkono. "Ehe, walikukata nini?"

Baba akafungua kinywa. Namjua baba. Nilijua atakachosema, na kwa sauti gani, na kicheko gani kitafuata. Nikamtangulia. "Tumbo," nikasema. "Utumbo ulijikunja, ikabidi wamfungue."

Baba akanigeukia akanitazama. Nilidhani ataniumbua pale pale. Kisha akawageukia wale wazee, akasema, "Ndivyo." Hakuwa mtu wa kumfanya mwanawe mwongo hadharani. Mimi nikashusha pumzi, nikajiona hodari.

Nyumbani kwetu mama alikuwa ameshafariki, na jiko lilikuwa la shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane, mkali, na ndiye aliyemlea baba tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Alipoambiwa utumbo umefunguliwa, alijishika kichwa, akalia kidogo, kisha akakunja leso kiunoni akaingia kazini. Kwake yeye, na kwa wanawake wote wa mtaa ule, mtu aliyefunguliwa tumbo halishwi kitu mpaka utumbo ushikane. Samaki hapana. Nyama, mafuta, nazi, hapana. Hata chumvi hapana, kwa sababu chumvi inachoma kidonda ndani. Ni uji wa mchele tu, uliochujwa kwa kitambaa mpaka ukawa maji meupe.

Na habari ilishaenea. Mgonjwa kwetu hali cha nyumbani kwake peke yake, majirani nao huleta. Kila jioni sinia ziliingia zimefunikwa kawa, na kila mara baba aliinua shingo kutazama. Kawa likifunuliwa, uji. Nyumba ya pili, uji. Nyumba ya mkwe wangu ilileta uji katika bakuli la kaure lenye maua, mzuri ajabu, nao ni uji vile vile. Baba alisema ahsante kwa kila mmoja, akanywa mafunda mawili matatu, akarudi kulala akiangalia dari.

Siku za mwanzo aliniuliza kwa macho tu. Baadaye, wageni walipotoka, aliniita karibu. "Mwanangu, utamwambia lini shangazi yako?" Nikamwambia nitamwambia. "Si neno kubwa," akasema. "Amenitia nepi yule." Nikasema, baba, ngoja angalau habari za posa zitulie. Sijui nilikuwa nikimwogopa nani hasa. Msichana? Hata sikuwa nimemwona uso. Nilikuwa nikiogopa kicheko, basi, kile kile cha wimbo wa watoto, kisije kikaingia mpaka ukweni.

Alianza kuisha mbele yangu. Mashavu yalizama, mikono iliyokuwa ikishika nyundo na patasi ikawa inatetemeka kwa kushika tasbihi. Akawa anasali amekaa. Daktari alisema atembee, lakini kila akijaribu kusimama shangazi alimrudisha kitandani: utumbo utafunguka! Nami ninayejua vyote nimesimama pembeni nimeshika taa, kama kwamba kazi yangu ni mwanga.

Siku moja baada ya alasiri roho ilinisuta, nikanunua changu wa kukaanga, nikamfunga katika jani na kumpitisha ndani ya kanzu. Lo! Harufu ya samaki haifichiki kwenye kanzu. Baba alikuwa ameshaonja kipande kimoja, macho yameanza kung'aa, shangazi akaingia.

"Ewe! Wataka kumuua nduu yangu?" Alimpokonya samaki mkononi, akaja juu yangu. "Baba yako huyo! Utumbo haujashikana wamlisha miiba! Huna mato, huoni?" Alipiga kelele mpaka wanawake wawili wa jirani wakaja, nao wakanitazama kama muuaji. Nilikuwa na nafasi pale pale. Neno moja tu. Nikainamisha kichwa na kusema, "Nisamehe, shangazi, sikujua." Nikasema sikujua! Mimi!

Asubuhi yake baba aliinuka mwenyewe kwenda kutawadha, akaanguka mlangoni mwa choo. Tukambeba mimi na shangazi, na uzito wake ulinitisha, maana haukuwepo. Shangazi hakuwa na shaka yoyote: ni yule samaki. Amekwama ndani, lazima atolewe. Akaenda akakoroga haluli, ile dawa chungu ya kuharisha, kikombe kizima, akakaa kitandani, akamwinua baba kichwa.

Baba hakukitazama kikombe. Alinitazama mimi. Hakukasirika, wala hakuniomba. Alikuwa akingoja tu, kama mtu anavyomngoja mwenzake amalize kufunga kamba za viatu. Nami, Mola anisamehe, nilitazama ukutani. Baba akasema, "Bismillahi," akanywa yote.

Sitaeleza siku ile ilivyokuwa. Kufika adhuhuri alikuwa hawezi kuinua kope. Midomo ilimkauka, akawa anaita mama yake aliyekufa zamani. Shangazi sasa aliogopa kweli. Alilia huku akisoma, akatia mafuta ya habasoda mkononi apate kumsugua tumbo. Siku zote nilikuwa nimemzuia, nikimwambia daktari amekataza pasiguswe. Safari hii sikumzuia. Akapandisha fulana ya baba mpaka kifuani.

Tumbo lilikuwa safi, limebonyea, ngozi tupu, halina hata mkwaruzo.

Shangazi alilitazama. Akapitisha kiganja chake juu yake polepole, toka mbavuni mpaka kwenye fundo la kikoi, hapo akasita na kuondoa mkono. Alikuwa amelea watoto na kuzika waume wawili. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akaishusha fulana, akaiweka sawa, akamfunika ndugu yake shuka. Hakuniangalia. Alikwenda jikoni, nikasikia mbuzi ya kukunia nazi ikiburutwa sakafuni.

Kwanza alimpa maji ya dafu kwa kijiko, kidogo kidogo, kutwa nzima. Halafu supu ya kuku yenye chumvi. Kesho yake mayai. Baba alipoanza kukaa mwenyewe, nyumba yetu ikawa inanukia mji mzima: samaki wa kupaka, tui zito, ndimu, pilipili, moshi ukitoka mpaka njiani bila aibu. Jirani aliyeleta uji alirudishiwa bakuli lake limejaa wali wa nazi na kuambiwa mgonjwa amepona.

Tulikaa watatu kuzunguka sinia. Baba alikuwa akila kwa mkono usiotulia bado, mchuzi ukimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, na hakuna aliyemwambia ajipanguse. Shangazi alimwacha ale mpaka akashushia maji. Ndipo akauliza, sauti yake ikiwa chini kabisa, na sauti ya chini kwa shangazi ndiyo ya kuogopwa:

"Nataka kujua jambo moja. Ni nani aliyesema tumbo?"

Nikajua sasa ndiyo sasa, hakuna ukuta wa kutazama tena. Nikainua kichwa nipate kuanza.

"Mimi," akasema baba. Alikuwa akichambua miiba kwa vidole, hakuinua macho. "Niliona haya, dada."

Yeye! Aliyekuwa akilibeba busha lake mbele ya mtaa mzima akiliita bwana mkubwa! Shangazi alimgeukia akamfokea kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mtu mzima, mwenye mvi, karibu ujiue kwa upuuzi, ulidhani nitacheka? Mimi? Na kikombe kile nilichokupa kwa mkono wangu, ungelikufa ningeliishi vipi? Machozi yalikuwa yakimtoka. Baba alikubali kila neno, kichwa kimeinama, akitafuna polepole. Mara moja tu macho yetu yalikutana, naye ndiye aliyekwepesha.

Shangazi alipokwisha kumkemea alijipangusa uso kwa leso. Akakitenga kichwa cha samaki, kile kipande anachowekewa mkubwa wa nyumba, akakisogeza upande wangu wa sinia.

"Kula, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye uliyehangaika na baba yako."

Nikala.