Waranti ya Sakafu Ambayo Bi. Mauwa Hakutaka Ianze

Saa moja asubuhi, jozi tano za viatu zimepangwa mlangoni mwa banda la gari la Bi. Mauwa Nampoto, Kijichi, wilayani Temeke. Gari liko nje, juani.

Ndani, fundi Albano Mchopa (43) amepiga magoti, pekupeku. Anagonga sakafu kwa sarafu na kusikiliza. Mlio mkavu maana yake rangi imeshika; mlio wa debe tupu maana yake imeachana na saruji. Sakafu yote inalia vizuri. Tatizo la fundi ni jingine.

"Mama, gari liingie basi," anasema.

"Likiingia waranti inaanza kuisha," anajibu Bi. Mauwa, mfanyabiashara wa vitenge mwenye umri wa miaka 61. "Si wewe uliyesema?"

Ni yeye. Albano alianza kwa kupiga vanishi makabati ya maseremala wa Keko, kisha akahamia kwenye rangi ngumu za sakafu, zile za kuchanganya makopo mawili. Hutoza shilingi 30,000 kwa mita ya mraba na kutoa waranti ya mwaka mmoja: rangi ikibanduka yenyewe, anarudia bure. Maji yakipanda kutoka ardhini, tindikali ya betri ikimwagika au jeki ikiburutwa, waranti haihusiki.

Shida ilikuwa tarehe. Pembezoni mwa jiji wengi hujenga banda kabla ya kununua gari, na waranti ilikuwa ikiisha kabla tairi halijagusa rangi. Wateja walilalamika. Albano akaamua mwaka uhesabiwe tangu siku gari linapoingia.

Bi. Mauwa alikuwa nalo gari. Alisikiliza masharti, akaliacha nje. Tangu sakafu ikamilike Januari, banda limepokea vikao vya kikoba, kicheni pati mbili na hitma moja.

"Waranti yangu mie haizeeki," anasema. "Za wenzangu wa masharti ya zamani zishakufa zote."

Albano hacheki. Badru Kondo, mwenye gereji Tandika, anataka sakafu yake yote ipakwe rangi mpya ambayo Albano ameitumia hapa tu. Ni kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Badru ana sharti moja: aone kwanza tairi la moto limelala juu ya rangi hiyo. Rangi dhaifu hugandana na tairi lililotoka barabarani, na asubuhi gari huondoka na vipande.

Saa tatu Badru anafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Viatu."

Badru anavua, anaingia, anatazama mikeka. "Fundi, umenileta kwenye banda la gari au msikitini?"

"Banda la gari."

"Oili iko wapi?"

"Hapa hata unga haujadondoka," anasema Bi. Mauwa kwa fahari.

"Basi kama sioni tairi hapa, mie kesho namalizana na fundi mwingine," anasema Badru.

Albano anamgeukia mwenye nyumba. "Mama, nakupa miaka miwili badala ya mmoja. Ila inahesabiwa kuanzia leo, gari liwe ndani, liwe nje."

"Mitatu."

"Miwili, mama. Rangi yenyewe mie sijaiona ikifika mitatu."

"Miwili, na isogee hadi Ramadhani ya mwaka wa tatu."

"Haya."

Wanapeana mikono. Bi. Mauwa analitazama gari. "Kwa hiyo hata likilala nje, siku zinakwenda?"

"Zinakwenda."

Anamwita binti yake. "Naima, kunja mikeka. Siku zinaliwa bure na gari linaungua jua."

Jioni Bi. Mauwa analiendesha hadi Mbagala na kurudi ili tairi zipate moto, Badru akiwa pembeni yake kama shahidi. Linalala ndani.

Asubuhi linatolewa. Zimebaki alama nne nyeusi. Albano anazifuta kwa kitambaa chenye sabuni. Tatu zinatoka upesi, ya nne inamtoa jasho. Chini yake rangi ni nzima. Anagonga kwa sarafu. Badru anamnyang'anya sarafu, anagonga mwenyewe.

"Jumatatu uje na ndoo zako," anasema. "Na waranti yangu ianze Jumatatu hiyohiyo. Mie sina mikeka."

Albano anasema malipo ya kazi hiyo yatamnunulia mashine ya kusugua saruji, ambayo hadi sasa huikodi.

Badru anaondoka. Bi. Mauwa analirudia gari lake. Anavua kandambili, anaziacha mlangoni, kisha analiingiza gari pekupeku.