Mutoto wa Kwazi mu Muti wa Mashua

Majina ya batu niko nayo yote mu kichwa, hata ya bale tuliovuka nabo ziwa kutoka Congo kuja huku Zambia. Hapa sitataja hata moja. Na ule mutoto wa kwazi, tai wa ziwa, hatukumupatia jina, ju jirani yangu, mwanamuke Mubemba, alikataa, akiniita mama mu luga yake: "Ba mayo, ukimupatia jina hutaweza tena kumufukuza." Na kumufukuza njo ilikuwa kazi yetu.

Muti yenyewe ilikuwa mulombwa, ile ya mbao nyekundu, mukubwa, karibu na fasi tunaanika chisense, ile tusamaki tudogo twa ziwa. Juu kabisa, kwazi bibi na kwazi bwana balijenga nyumba ya matawi, kubwa sawa kitanda. Lakini bwana ya jirani ni fundi wa mashua, na yeye ile muti aliiona mbao tu.

"Mvua ikianza," akaniambia, "shimo ya kupasulia mbao itajaa mayi. Nakata mwezi huu."

"Papa, mule iko mutoto. Ngoja aruke."

Akaangalia juu. Kichwa kidogo cha rangi ya udongo kilikuwa kinamuchungulia. Akakuna shingo. "Haya. Akiruka, nakata. Mvua ya kwanza ikimukuta mule, nakata vilevile."

Alors, nikapata mutoto wa kulea kwa macho. Mubaya wa sura! Miguu mikubwa sawa amevaa viatu vya mukubwa wake, na sauti sawa pompi ya mayi inayolilia mafuta. Mama yake akileta samaki, anamupokonya bila asante. Na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Kilwa yetu ya Congo, ng'ambo ya ziwa. Basi mie naanika samaki, napiga kelele: "Ruka! Ruka, mutoto wangu! Ruka!"

Siku moja jirani akafika mbio na kikombe cha mayi.

"Ba mayo, nani anatapika?"

"Atapike nani?"

"Si uko unalia luka, luka!"

Kumbe mu Kibemba chao kuluka ni kutapika. Nilicheka mpaka nikakaa pa muchanga. Na pale pale kichwa cha samaki, nusu kimeliwa, kikatoka juu, kikaanguka katikati ya chisense yetu.

"Umeona?" jirani akasema. "Amesikia Kibemba. Huyu ni Muzambia."

Akanifundisha neno lao la kuruka, pupuka. Tangu pale tukawa tunaita kwa luga mbili, na bapita njia walizani tunagombana.

Mutoto naye akaanza kujaribu. Anasimama pembeni, anapiga mabawa, lakini miguu imekamata tawi sawa mugeni anayeaga na mukono bado uko ku mulango. Upepo ukimuinua kidogo, analala chini, anajifanya hakuwa yeye.

Asubuhi moja mama yake akakaa na samaki ku muti ya kufungia nyavu, mule mu mayi, akala polepole mbele ya macho yake. Mutoto akatukana mpaka sauti ikakauka.

"Mama mubaya," jirani akasema.

"Si mubaya. Njo vile nilimuachisha wangu wa mwisho kunyonya."

Mara ule ndege mudogo akaruka! Kwanza akaanguka sawa nguo yenye mayi, kisha mabawa yakakamata upepo. Akakosa ile muti ya nyavu, akaingia mu mayi, akapiga kasia na mabawa mpaka ku muchanga. Tulipiga vigelegele, na fundi akasikia. Akafika na shoka ku bega.

Lakini magaribi mutoto alikuwa tena mu nyumba yake, analilia chakula.

"Nilisema akiruka," fundi akasema. "Ba mayo, hukusema ngoja ahame."

Bibi yake njo alimujibu: "Na mie, ulinioa, nikarudi kwa mama mara ngapi? Uliona mutu anabomoa nyumba ya mama?"

Fundi akacheka, akateremusha shoka. "Mvua ya kwanza, basi."

Mutoto akarudi kesho yake, akarudi tena, kisha akaanza kukosa kuja. Wakati vumbi ilipigwa na matone ya kwanza, nyumba ilikuwa tupu. Fundi alikata. Mulombwa ikatoa mayi yake mekundu, bakwazi wakubwa bakalia juu yetu, na muti ikalala. Nyumba ikapasuka: mifupa ya samaki, vipande vya nyavu, kandambili moja ya mutu. Mie na jirani tukaokota matawi, tukapikia fundi na bapasua mbao wake bukari, ugali wetu.

Fundi alikula. Kisha akauliza bila kutuangalia: "Na yule mutoto?"

"Leo asubui," bibi yake akasema, "ameiba samaki mu beseni ya mama moja kule Kashikishi. Ule mama alimukimbiza na mwiko."

"Ah. Basi anajitafutia." Akanawa mikono, akashuka mu shimo, na musumeno ikaanza.