Msiba wa Visahani

Kazini walimwita Mama Visahani, kwa sababu alilea seli za ubongo wa panya ndani ya visahani vya plastiki, akizibadilishia mchuzi wa kuzilisha na kuzichungulia kwa hadubini. Miaka ilivyopita alizoea kuzitaja kama watu: wameamka, wameshiba, wamenuna. Ndicho kilichomponza.

Ijumaa ile alirudi nyumbani macho mekundu, akajitupa kitini, akamwambia mumewe, "Wamekufa wote."

Shangazi wa mumewe alisikia kutoka jikoni. Hakuuliza ni akina nani, msiba hauhojiwi. Mume hajamaliza hata kumvua mkewe viatu, viti vya majirani vimeshapangwa uani, sufuria ya chai iko motoni, na fundi cherehani wa nyumba ya pili analia kwa kwikwi.

Mama Visahani akatoka kueleza. Seli za ubongo, alisema, huzaliwa na amri ya kujiua, kifo kilichopangwa tangu mwanzo. Kinachozizuia ni protini ambayo seli jirani huitoa na kuiachia kwenye mchuzi. Ikizigusa, amri hulala. Yeye, kwa kupenda usafi, alimwaga mchuzi wote wa zamani akatia mpya. Protini ikaenda na maji. Asubuhi alizikuta zimejikunja na kukatika vipande vipande.

"Kwa hiyo walijiua," shangazi alisema polepole, "na majirani walikuwa wapi?"

"Niliwamwagia mbali, shangazi. Yaani, msaada wao."

Fundi cherehani akaanza kilio upya. Mzee mmoja akadakia kwamba jirani yake yeye hajamtolea hata chumvi tangu ahamie; jirani mwenyewe akainuka kitini, na nusura wazichape. Ndipo akaingia mkuu wa maabara, aliyepashwa habari na nani hajulikani, kavaa suti nyeusi. Mama Visahani alitumaini atawatawanya. Kumbe alipoombwa kusema machache alisimama, akakohoa, akawasifu marehemu kwa utulivu wao.

Mama Visahani, aliyekuwa akiona haya mpaka masikioni, akajikuta analia kwelikweli. Shangazi akamsugua mgongo. "Ngeli, mwanangu," alimnong'oneza. "Ungesema 'zimekufa', chai hii tungeinywa wenyewe."

Jumatatu alianza upya, safari hii akibakiza nusu ya mchuzi wa zamani kila anapobadilisha. Seli ziliishi, zikatoa vijikono vyembamba. Alipoeleza nyumbani kwamba zinaendelea vizuri, shangazi alitaka kujua kama zimeshapewa habari ya msiba.